Nukta ya Mia Mbili na Sita

Chumba cha mikutano, Ibra, mwezi wa sita.
Kiyoyozi kinakohoa. Nje jua limeshika zamu,
na sisi kumi na mmoja tumeuelekea ukuta mweupe
ambako mji usiokuwapo unajengwa kwa mwanga.

Mhandisi Muhanna amekuja na kompyuta kutoka Maskati.
Kila nyumba, kijisanduku. Kila ombi, nukta.
Akibonyeza, mwaka unapita kwa sekunde nne
na nukta zinatambaa kama sisimizi walionusa sukari.

"Hapa hakuna bosi," amesema. "Kanuni tutunge sote:
wa wizara, wa benki, wa baraza, nanyi mnaongoja."
Wanaongoja wamekuja watatu.
Mimi karani; kazi yangu kuandika yanayosemwa,
na ya Bi Shinuna kuyageuza pia,
maana hesabu huzifanya kwa Kiswahili
alichokuja nacho kigoli, mwaka wa sabini na mbili;
Kiarabu chake, asema, ni cha sala na cha dukani.

Mara ya kwanza tukagawa kwa foleni, wa mbele apewe.
Vijisanduku vikawaka. Mtu wa benki akatabasamu.
Mwaka wa saba vikaanza kuzima:
kimoja, vitatu, mtaa mzima.
"Kasoro ya programu," Muhanna akakuna kidevu.
Bi Shinuna hakuinua macho. Alikuwa akishona kofia,
sindano inatoboa, uzi unazunguka tundu.
"Si kasoro. Mmewatenga na ndugu zao.
Nani atanishikia mtoto huko? Nani atanibishia hodi?
Tundu lisilozungushiwa uzi huchanika."

Ikaingia, kanuni ya tisa: jamaa waombe pamoja.
Tukabonyeza. Mtaa haukuzima.
Ila foleni ikarefuka miaka miwili na ushei,
na kijana wa Al-Mudhaibi, mwenye mke na mapacha
katika chumba kimoja juu ya gereji,
akasema polepole: "Hiyo miaka miwili ni yangu."
Hakuna aliyemjibu. Kahawa ikapita. Tende zikapita.

Tukajaribu kando ya wadi, ambako ardhi ni rahisi:
mwaka wa kumi na moja mvua ya kuigiza ikashuka,
buluu ikameza vijisanduku arobaini.
Tukajaribu ghorofa. Mtu wa baraza akauliza,
mbuzi watapanda lifti? Tukacheka, kisha tukanyamaza,
kwani kweli mbuzi hawakuwamo kwenye hesabu.

Saa sita u nusu Bi Shinuna akauliza:
"Na mimi niko wapi humo?"
Nilikuwa naijua. Ya mia mbili na sita, ya manjano.
Nikaionyesha kwa ncha ya kalamu.
Muhanna akabonyeza kabla sijamzuia.
Mwaka wa tatu. Wa tano. Inasogea vizuri.
Mwaka wa nane ikabakiza nafasi kumi na nne.
Mwaka wa tisa ikazimika.

"Imepewa nyumba?"
Nikalitazama zulia. Kanuni ya pili niliichapa mwenyewe,
Jumapili, kwa haraka: umri ukifika kadiri fulani, nukta ifutwe.
"Hapana, bibi. Imekufa."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka mapajani.
"Kompyuta haina haya. Nyinyi huniambia inshallah."
Kisha: "Na zamu yangu kapewa nani?"
"Hakuna. Imefutwa nayo."
"Ninaye Thuraya, na wanawe wanne.
Miaka tisa ya kungoja hairithiwi?"

Mtu wa benki akafunga kalamu, akaifungua.
Wa wizara akasema hilo huenda likahitaji sheria.
Kijana wa Al-Mudhaibi akavuta kiti mbele.
"Andika," akaniambia. "Tuone inamgharimu nani."

Nikaandika, kanuni ya kumi, na alama ya kuuliza pembeni.
Muhanna akarudisha miaka kwenye sifuri.
Bi Shinuna akatia uzi sindanoni bila miwani,
akakosa, akalowesha ncha, akakosa tena.